Nepi za kitambaa au pampasi? Kwanza jiulize nani atafua

Swali la nepi mi naona watu wanaliuliza kinyumenyume. Wanauliza ipi bora, ya kitambaa au ya kutupa, afu wanaanza kubishana kama mashabiki wa timu mbili, huyu anasema pampasi zinamchoma mtoto, yule anasema kitambaa ni kujitafutia utumwa, na we mwenye tumbo la miezi nane umekaa hapo katikati hujui ununue nini. Swali la kwanza kabisa ni hili: nani atafua, na hizo nepi zitaanikwa wapi? Lijibu kwa ukweli bila kujidanganya, mengine yote yatajipanga nyuma yake. (Pampasi nikisema humu ndani namaanisha zote za kuvaa mara moja na kutupa, kampuni yoyote ile, si ndo tulivyozoea kuziita.)

Mi nilijidanganya. Mtoto wa kwanza nilinunua nepi za kitambaa 20 kwa mpigo, aina moja zote, rangi za kuvutia, hata hajazaliwa, nikazipanga kabatini najiona mama wa mfano. Akaja katoto kembamba, vipaja kama vidole, nepi inaacha uwazi mguuni mpaka unaingiza kidole gumba, kila kitu kinapita pembeni. Wiki ya kwanza nzima nikibadilisha nepi nabadilisha na nguo ya mtoto na shuka na blauzi yangu. Wa pili nikaruka upande wa pili, pampasi tupu, nazo zikaja na yake, maana takataka peke yake ilikuwa inajaa mfuko mzima kila siku mbili. Wa tatu ndo akili ikanikaa sawa, nikachanganya.

Hesabu kwanza, kununua baadaye

Kichanga wa wiki za mwanzo anabadilishwa mara 8 mpaka 12 kwa siku. Ndio, 12, na saa ingine umemfunga safi hujamaliza hata kunawa mikono unasikia ameshafanya tena. Akikua kidogo zinashuka 6 mpaka 8, akianza kutembea zinakuwa 4 mpaka 6. Sasa tuseme kwa wastani wa chini kabisa ni 5 kwa siku, kwa mwaka hizo ni 1,825, na wengi wanavaa nepi mpaka miaka 2 na nusu hivi, kwahiyo tayari umeshavuka 4,500. Chukua bei ya pampasi moja, sio ya pakiti, gawanya bei ya pakiti kwa idadi iliyomo maana pakiti kubwa na ndogo zinadanganya macho, afu zidisha. Andika hiyo namba mahali.

Upande wa kitambaa hesabu ni ya aina nyingine. Hela nyingi inatoka mwanzoni, afu zinabaki sabuni, maji, umeme kama una mashine, na muda wako, na muda nao uhesabu usijifanye ni wa bure. Idadi ya nepi unaipata hivi: mara ngapi kwa siku, zidisha kwa siku utakazokaa bila kufua, ongeza za kuvaa wakati zingine ziko kwenye kamba. Kichanga anayetumia 10 na we unafua kila baada ya siku mbili, hizo ni 20, weka na 4 au 5 za akiba, tayari uko 24 au 25. Ukifua kila siku hata 15 zinakutosha, ila mvua ikinyesha siku tatu mfululizo utatamani ungekuwa na zaidi. Faida ya kitambaa inakuja kuonekana vizuri kwa mtoto wa pili, maana seti ileile inarudi kazini bila kutoa hela nyingine, na kama una mpango wa mtoto mmoja tu basi hesabu yako ni tofauti na ya jirani yako mwenye mpango wa watatu, msibishane.

Kosa langu la zile 20 usilirudie. Nunua mbili za aina hii, mbili za aina ile, zifue, mvalishe wiki nzima, uone zinavyomkaa na zinavyokauka, ndo uongeze. Na ujue kwamba nepi za saizi moja, zile zenye vifungo vya kubonyeza mbele vya kupunguza na kuongeza urefu, mara nyingi zinaanza kumkaa mtoto vizuri akishafika kilo 4 hivi. Kwa kichanga mdogo unahitaji saizi yake ndogo, au vitambaa vya kukunja, au utumie pampasi wiki hizo za kwanza, na hilo la mwisho mi naona ndo rahisi zaidi maana we mwenyewe bado unauguza mwili wako.

Kitambaa sio kitu kimoja

Watu wakisema kitambaa wengi wanawaza ile ya kizamani, mraba mweupe na pini. Ipo bado na mi naipenda kuliko zote, ntakwambia kwanini. Ni tabaka moja tu la pamba, kwahiyo inafulika upesi, maji yanapita kila mahali, na inakauka haraka kuliko nepi yoyote nyingine duniani. Kukunja kwake: tandika mraba, kunja uwe pembetatu, upande mrefu uwe juu usawa wa kiuno cha mtoto, mlaze katikati, ncha ya chini ipandishe kati ya miguu mpaka tumboni, pembe mbili za kando zilete mbele zikutane juu yake, funga pini. Ukifunga pini weka vidole vyako viwili ndani kati ya pini na ngozi ya mtoto, ikichoma ikuchome we. Kama kitambaa ni kikubwa sana kwa kichanga kikunje mara mbili uwe mraba mdogo kwanza. Mtoto wa kiume lundo la kitambaa liwe mbele, wa kike liwe katikati kuja nyuma kidogo, maana mkojo hauendi sehemu moja.

Hiyo yenyewe haizuii maji, inataka kava juu yake. Makava ya siku hizi yametengenezwa kwa kitambaa kilichobandikwa ngozi nyembamba isiyopitisha maji, wanaita PUL, na sio ile suruali ya plastiki ngumu inayofanya mtoto atoke jasho kama yuko kwenye oveni. Kava kama halijagusa kinyesi huna haja ya kulifua kila mara, lifute, lianike kidogo, livae tena, ukiwa na makava matano au sita unazunguka nayo vizuri tu.

Afu kuna za mfuko, hizi ndo watu wengi wanazinunua siku hizi, nje haipitishi maji, ndani kitambaa laini, katikati uwazi unaingiza pedi ya kunyonya. Faida unaongeza pedi unavyotaka. Kero yake ni kwamba kila baada ya kufua unakaa unazijaza pedi moja moja, na wakati wa kuvua unaingiza mkono kutoa pedi iliyolowa, sasa we jiangalie kama hilo unaliweza saa kumi usiku. Zile zilizoshonwa kila kitu pamoja ni rahisi mno kuvalisha, hata mtu asiyejua kitu anavalisha, lakini kukauka ni taabu, unagusa nje kavu ukidhani tayari kumbe katikati bado baridi.

Pedi nazo zichague kwa malighafi. Pamba inanyonya vizuri na ni ya kawaida. Ya mianzi inabeba zaidi ila inachelewa kukauka. Ya katani (ile wanayoiita hemp, sio mkonge) inabeba mkojo mwingi kuliko zote hizi lakini inanyonya polepole, kwahiyo hiyo inakaa chini, juu yake unaweka kitu cha kunyonya haraka. Maikrofaiba, zile nyuzi nyembamba za plastiki, inanyonya haraka sana ila ukiibana inatema, mtoto akikaa tu chini mkojo unatoka miguuni, na usiiweke igusane na ngozi ya mtoto moja kwa moja maana inavuta unyevu mpaka wa ngozi yenyewe, iache ndani ya mfuko. Na pedi mpya za pamba, mianzi au katani usizivalishe siku uliyonunua. Zina mafuta ya asili, hasa pamba na katani. Mwagia matone ya maji juu uone, yanateleza yanakimbia kama juu ya jani, fua na kukausha mara kadhaa ndo zinaanza kunywa.

Pasua pampasi uone

Kama hujawahi, chukua pampasi moja mpya, mimina glasi ya maji pale katikati taratibu, subiri dakika moja, afu pasua kwa mkasi. Utakuta kitu kama jeli, punje punje zinang'aa. Hiyo ni sodiamu poliakrileti, punje kavu zinazovimba zikikutana na maji, zimechanganywa na pamba pamba nyeupe ambayo kumbe ni nyuzi za mti. Hiyo jeli ndo inafanya mtoto akojoe mara tatu na bado ukimgusa unasikia pakavu. Haikuwepo zamani, Pampers zenyewe zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1961 ndani zilikuwa na tabaka za karatasi tu, jeli ikaja miaka ya 1980 na ndo nepi zikawa nyembamba hivi unavyoziona.

Siku ukimvua mtoto ukakuta vipunje kama sukari iliyolowa vimeganda kwenye ngozi usipige kelele kama mi nilivyopiga. Ni hiyo jeli, nepi imepasuka ndani kwa kujaa kupita kiasi au imechanika, mfute kwa kitambaa chenye maji, basi. Ule mstari wa njano unaogeuka bluu mbele unakuonyesha imelowa, haukuonyeshi imejaa kiasi gani, kwahiyo usikimbilie kubadilisha kwa tone moja la mkojo ukamaliza pakiti kwa siku mbili.

Kitu kimoja ambacho jeli inakuficha, na kwa kichanga hili ni muhimu: kujua kama anakojoa vya kutosha. Mtoto akishafika siku ya tano au ya sita unatarajia nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa masaa 24, zikipungua sana inabidi uangalie anavyonyonya na umuone mtu wa afya. Kwenye kitambaa unajua papo hapo. Kwenye pampasi kama una wasiwasi weka karatasi ya tishu ndani, ukimvua itakwambia, au beba mkononi nepi mpya na iliyovaliwa ulinganishe uzito.

Saizi za pampasi zinapishana kwa makusudi, mtoto wa kilo 8 anaweza kuwa kwenye saizi mbili tofauti, na kampuni zenyewe hazifanani, kwahiyo mwangalie mtoto usiangalie namba. Gundi za pembeni hazifiki vizuri mbele, alama nyekundu mapajani zinakaa muda mrefu, kinyesi kinapanda mgongoni, hizo zote zinakwambia panda saizi. Na kabla hujailaumu nepi kwa kuvuja pitisha kidole kuzunguka paja, yale marinda ya lastiki mguuni yanatakiwa yawe yametoka nje, yakijikunjia ndani hata pampasi ya gharama inavuja. Kiunoni viingie vidole viwili. Kitovu kama hakijadondoka kunja nepi mbele iwe chini yake. Wa kiume kielekeze chini kabla ya kufunga, la sivyo utalowa kifua.

Ugomvi wa vipele

Hapa ndo watu wanarushiana maneno zaidi. Ukweli ni kwamba nepi zote mbili zinaweza kumpa mtoto vipele, na zote mbili zinaweza kukaa naye salama. Kinachoharibu ngozi ni unyevu kukaa muda mrefu, kusuguana, na kinyesi. Kinyesi kina vimeng'enya vilivyokuwa vinameng'enya chakula tumboni, vikikaa juu ya ngozi iliyolowa vinaanza kuishughulikia ngozi nayo, na mkojo ukichanganyika hapo vinapata nguvu zaidi. Ndo maana kinyesi hakisubiri, iwe kitambaa iwe pampasi, kikionekana kinaondolewa, hata kama pampasi umeivalisha dakika tano zilizopita na roho inauma. Mkojo una nafasi kidogo: kitambaa mi nabadilisha kila masaa 2 mpaka 3, pampasi masaa 3 mpaka 4 mchana. Tatizo la pampasi ni kwamba inakupa uvivu, pakavu basi unaacha, masaa yanaenda. Tatizo la kitambaa ni kwamba ukichelewa kidogo mtoto yuko kwenye maji. Kila moja ina mtego wake.

Kumfuta, mtoto wa kike toka mbele kwenda nyuma siku zote. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini yanatosha kabisa, vile vitambaa vya pakiti vyenye manukato acha kama ngozi imeshaanza kuwa nyekundu. Mwache bila nepi dakika kumi, kumi na tano, tandika taulo chini. Poda mi nimeiacha, ile vumbi mtoto anaivuta mapafuni na faida yake ni ndogo. Krimu ya zinki inasaidia kweli, inaweka ukuta kati ya ngozi na uchafu, ila sikiliza, krimu hizo na mafuta mazito ya mgando yakiingia kwenye nepi ya kitambaa yanaziba nyuzi na baada ya muda haishiki maji tena, kwahiyo ukipaka weka kitambaa chepesi cha ziada kati ya ngozi na nepi, au siku hizo mvalishe pampasi.

Wekundu ukiwa umekolea mpaka kwenye mikunjo ya mapaja na una vipunje vidogo vidogo vyekundu vimetawanyika pembeni yake, hiyo mara nyingi ni fangasi, krimu ya kawaida haiondoi, inataka dawa yake. Malengelenge, usaha, homa, au siku tatu zimepita na hamna nafuu, mpeleke aonwe.

Kufua, hapa ndo watu wengi wanakatia tamaa

Ntakwambia kisa. Mtoto wa kwanza ana miezi mitano, saa tisa usiku nafungua nepi, harufu ikanipiga machoni, machozi yakatoka kabisa, kama mtu amefungua chupa ya dawa ya nywele. Amonia. Nepi zilikuwa zimefuliwa mchana wake, zinanukia vizuri kabatini. Nikaanza kutafuta kosa nikaona ni mimi mwenyewe: nilikuwa naweka kijiko kidogo cha sabuni kwa kuogopa mtoto atadhurika, naweka dawa ya kulainisha nguo ili ziwe nyororo, na naziloweka kwenye ndoo ya maji siku mbili nikisubiri siku ya kufua. Yote matatu ni makosa.

Sabuni kidogo haiondoi mkojo, inabaki humo, bakteria wanaivunja yurea iliyo kwenye mkojo kuwa amonia, na kila ukifua vibaya bakteria waliobaki wanakuwa wengi. Dawa ya kulainisha inapaka nyuzi utando, nepi inakuwa nyororo lakini haishiki maji. Na ndoo ya maji, mbali na kuwa supu ya bakteria, ni hatari, mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, kwahiyo ndoo iwe kavu, yenye mfuniko wa kuachia hewa kidogo, na nepi zisikae humo zaidi ya siku mbili, tatu kwa mbinde.

Sasa utaratibu wenyewe. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, kinyesi chake kinayeyuka kwenye maji, unaweza kukitumbukiza moja kwa moja kwenye mashine na isiwe tatizo, najua unakunja uso ila ni hivo. Akianza chakula kigumu, kinyesi kinakung'utwa chooni kwanza kabla nepi haijaenda kwenye ndoo, na kama hakitoki kwa urahisi uwe unaweka ndani ya nepi, upande wa ngozi, karatasi nyembamba au kitambaa cha zamani ulichokata vipande uwe unakiinua nacho. Siku ya kufua anza na mzunguko mfupi wa maji ya baridi na sabuni kidogo kuondoa mkojo na mabaki, maji ya moto mwanzoni yanaweza kugandisha doa. Afu mzunguko mrefu, maji ya moto nyuzi 60, sabuni ya kutosha, kipimo cha nguo chafu sana sio cha nguo za kawaida. Mashine ijae theluthi mbili mpaka robo tatu, maana nepi zinasafishika kwa kusuguana, zikiwa chache zinaogelea tu na zikijazana hazigeuki.

Unafua kwa mkono? Suuza kwanza mpaka maji yasiwe ya njano, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni nusu saa, sio usiku kucha, fikicha hasa katikati pale pedi inapokaa, suuza mpaka povu liishe kabisa. Mraba wa tabaka moja unafulika kwa mkono bila shida, ila pedi nene ya katani tabaka nne na mikono miwili, hapo nakuonea huruma, ndo maana nilisema kwanza jiulize nani atafua.

Pua yako ndo kipimo. Nepi inatoka kwenye kufuliwa inanuka, haijatakata, ongeza sabuni au muda. Inatoka haina harufu lakini mtoto akikojoa tu inalipuka, kuna mabaki ndani kabisa, zifue zote kwa maji ya moto na sabuni kamili mara mbili au tatu mfululizo, na kama mtoto alikuwa na fangasi au nepi umezipata kwa mtu mwingine zipitishe kwenye maji yenye klorini kidogo kwa kipimo cha kwenye chupa, afu zisuuze sana. Makava yasipate maji ya moto sana wala kukamuliwa kwa kusokotwa, na yaanike kivulini, maana joto linaua lastiki na ile ngozi ya ndani. Pedi na vitambaa vyeupe ndo vya juani. Doa la kinyesi cha njano lililokataa sabuni, anika bado ina maji, jua linalifuta masaa machache, mi nilikuwa siamini mpaka nilipoona.

Kutupa nako kuna utaratibu

Pampasi haimalizwi kwa kukunja na kurusha. Kinyesi kinaenda chooni kwanza, hata pakiti nyingi zinaandika hivo ila nani anasoma. Viringisha ukianzia mbele, funga kwa gundi zake zenyewe, weka kwenye mfuko, pipa lenye mfuniko. Usiitumbukize chooni, cha maji inavimba inaziba bomba, cha shimo inajaza shimo maana ile plastiki haiozi leo wala kesho. Kuchoma moto napo hapana, plastiki inayoungua moshi wake mtoto yuleyule ndo atauvuta.

Na kwa sababu kuna mtu atasema kitambaa ndo rafiki wa mazingira moja kwa moja, sio moja kwa moja. Wakala wa mazingira wa Uingereza walipima maisha mazima ya nepi, ripoti ya 2008 ikaonyesha kwa miaka 2 na nusu ya mtoto mmoja za kutupa zinatoa kama kilo 550 za hewa ya ukaa na za kitambaa kama 570, karibu sawa. Ila ukifua mashine ikiwa imejaa, ukaanika kwenye kamba badala ya mashine ya kukaushia, na ukazitumia kwa mtoto mwingine, za kitambaa zinashuka kwa kama kilo 200. Serikali yao ikarudia hesabu mwaka 2023, safari hii kitambaa kikatoka chini kwa kama asilimia 25. Kwahiyo ukiamua kitambaa kwa sababu ya mazingira afu unakausha kila siku kwenye mashine ya umeme, hiyo faida unaimaliza mwenyewe.

Mi ninavyochanganya

Wiki tatu nne za kwanza pampasi, mwili upone, kitovu kidondoke. Baada ya hapo mchana nyumbani kitambaa, mraba na kava, nabadilisha mara kwa mara sioni taabu. Usiku pampasi moja, alale na mi nilale, na kama hutaki kabisa pampasi basi usiku weka pedi mbili, ya kunyonya haraka juu na ya katani chini, kava kubwa kidogo. Safari ndefu pampasi. Mtoto akiharisha pampasi, usijitese na ndoo. Siku za mvua na kamba imejaa, pampasi, na usijione umeshindwa. Kwa mpango huu mi nilikuwa natumia pampasi 2 kwa siku badala ya 7, na nepi za kitambaa 15 zinanitosha nikifua kila baada ya siku mbili.

Anayebaki na mtoto ukienda kazini ndo mwenye kauli ya mwisho, sio we. Mama mkwe, dada, kituo cha kulea watoto, muulize kabla, mfundishe mara mbili akiwa anavalisha mwenyewe na we umekaa pembeni mikono umekunja. Kama anaona ni mzigo, mwachie pampasi tu za masaa yake. Mi kuna mlezi mmoja alikuwa anavalisha kava bila pedi ndani siku nzima, anashangaa mbona huyu mtoto analowa sana, na kosa lilikuwa langu sikumwonyesha.

Akishaacha nepi, zifue zote mara ya mwisho, zikauke kabisa kabisa mpaka kwenye mishono, zihifadhi zikiwa hazijabanwa. Kabla ya kumvalisha mtoto anayefuata vuta lastiki ya kila moja, ikivutika bila kurudi inabadilishwa, fundi yeyote anaweza. Zile zangu 20 zilizomshinda wa kwanza zilimkaa wa tatu barabara, yeye alizaliwa na mapaja yake kamili. Pedi zilizochakaa ndo ninazofutia sakafu sasa hivi, na hakuna tambara nililowahi kununua linalonyonya maji kama hizo.